Dawa za chupa, sabuni ya kopo na chura wa ndani ya jiwe: tuyasomeje magazeti ya kale ya miji midogo ya Marekani?

MsomaKale

Wakuu, habari za saa hizi. Napitia magazeti ya miji midogo ya Marekani ya kati ya 1870 na 1915, yale ambayo Maktaba ya Bunge lao imeyaweka mtandaoni bure kwa jina la Chronicling America. Zaidi nasoma ya Kansas, Nebraska na Wisconsin. Nia ni kutoa makala fupi za Kiswahili kuhusu bidhaa za nyumbani, dawa za chupa na vioja vya maumbile vilivyojaa humo. Sitaki kuwalisha wasomaji uongo wa miaka mia moja na zaidi iliyopita, kwa hiyo naomba msaada kwa haya:

Habari ileile, neno kwa neno, naikuta kwenye magazeti ya miji iliyo mbali kabisa, tena wiki moja. Nani alimwibia nani?

Dawa zinazodai kuponya ini, figo, mishipa na "magonjwa ya kina mama" kwa chupa moja: ndani mlikuwa na nini hasa, na nitajuaje?

Maelekezo ya nyumbani, kwa mfano sabuni ya "kopo moja la kostiki, ratili 6 za mafuta, painti 2 na nusu za maji" (kostiki ni soda kali ya kutengenezea sabuni): yanafuatika leo? Vipimo nigeuze vipi?

Na hadithi za chura hai aliyekutwa ndani ya mwamba, au jiwe linalonyonya sumu ya mbwa mwenye kichaa. Nianzie wapi kuzipima?

Mchapaji_wa_Zamani

Ndugu MsomaKale, anza na karatasi yenyewe kabla ya maneno yaliyomo.

Gazeti la mji mdogo lilikuwa karatasi moja kubwa iliyokunjwa mara moja, ikatoa kurasa nne. Mhariri mara nyingi ndiye aliyepanga herufi, moja moja, kwa mkono. Kujaza kurasa nne kila wiki kulimshinda. Mwaka 1861, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipowachukua wapiga chapa, Ansel Nash Kellogg wa Baraboo, Wisconsin, alianza kuletewa kutoka Madison karatasi zilizokwisha kuchapwa habari, yeye akaongeza za mjini kwake. Mwaka 1865 alihamia Chicago na kuifanya kazi hiyo biashara kubwa. Baadaye kampuni kama Western Newspaper Union ziliendeleza mtindo huohuo kwa maelfu ya magazeti.

Kwa hiyo hakuna aliyemwibia mwenzake. Wote walinunua karatasi kutoka ghala moja, upande mmoja umejaa hadithi, vioja, mapishi na matangazo ya dawa. Bei ilikuwa nafuu kwa sababu mwenye dawa alimlipa mchapaji wa Chicago, na fedha hiyo ikapunguza gharama ya karatasi.

Utazitambua hivi. Upande mmoja wa karatasi hutoa ama kurasa za 1 na 4, ama za 2 na 3. Ukurasa wa 2 ukiwa wa Chicago, wa 3 nao ni wa Chicago. Tazama herufi: kurasa za kununua zina herufi safi, zilizobanana, mistari iliyonyooka, za mjini zina herufi zilizochakaa na wino usio sawa. Tazama matangazo: duka la mtaa wenu, bei ya ngano ya wiki hii, mazishi na harusi ni za mjini, dawa ya chupa yenye picha nzuri ya kuchonga karibu kila mara ni ya mbali. Kipimo cha mwisho ni kosa la chapa. Ukikuta neno lilelile limekosewa vilevile katika miji mitatu, umekwisha pata jibu.

Kulikuwa pia na mabamba ya metali yenye safu zilizokwisha kumiminwa. Mhariri aliyakata kwa msumeno kuziba nafasi iliyobaki, ndiyo maana baadhi ya vioja vinakatika ghafla bila mwisho. Usijaze mwisho wa kubuni. Tafuta mji mwingine uliochapa kipande kirefu zaidi.

Njia ya tatu ni ya zamani kuliko zote mbili: tangu 1792 sheria ya posta iliwaruhusu wahariri kupelekeana magazeti bila kulipia, na kila mmoja alikata mkasi kwa mwenzake. Ndiyo maana kioja kinaanza na "gazeti fulani la Ohio linasema". Kila kinapohamia mji mpya, chura hurefuka na mwamba huwa mgumu zaidi. Fuata mnyororo kurudi nyuma hadi chapisho la kwanza unaloweza kulipata, na ndilo ulinukuu.

Jambo moja linawapoteza wengi: tangazo lililovaa kanzu ya habari. Aya inaanza na mkulima aliyekuwa hoi kitandani, au meli iliyozama, inakwenda vizuri, kisha mstari wa mwisho unataja chupa. Soma mstari wa mwisho kwanza. Sheria ya Agosti 1912 ililazimisha maandishi yaliyolipiwa yawekwe neno la kuonyesha kuwa ni tangazo, kwa magazeti yaliyotaka nauli nafuu ya posta. Kabla ya hapo mara nyingi hakuna alama ya kukuonya.

Na usishangae kwamba mhariri wa mji mdogo hakuandika neno baya juu ya dawa. F. J. Cheney wa Toledo, Ohio, mwenye Hall's Catarrh Cure, aliweka kwenye mikataba yake ya matangazo sharti kwamba jimbo likipitisha sheria ya kuziumiza dawa hizi, mkataba unavunjika. Mhariri akawa mlinzi wa dawa bila kuombwa. Jarida la Collier's lilifichua jambo hilo Novemba 1905.

Kuhusu kutafuta: maandishi yale yamesomwa na mashine, na mashine hukosea sana kwenye herufi ndogo na kwenye maneno yaliyokatwa mwisho wa mstari. Tafuta neno fupi lisilo la kawaida, jina la bidhaa au jina la mji wa kiwandani. Ukitafuta jina la ugonjwa utazama.

Mfamasia_Bara

Nachukua swali la pili. Kaka, gawa maktaba yako kwa tarehe moja: 30 Juni 1906, siku iliyosainiwa sheria ya vyakula na dawa safi. Ilianza kutumika 1 Januari 1907. Haikupiga marufuku kitu kikubwa. Ilimlazimisha mtengenezaji kuandika kwenye lebo kiasi cha vitu 11, vikiwemo pombe, afyuni, mofini, kokeini, heroini, bangi na klorofomu. Lebo ya 1908 hukusaidia kuifahamu chupa ya 1904, ingawa si kikamilifu, maana wengine walipunguza haraka kiasi au wakaondoa kabisa wasichotaka kukitaja.

Kosa la kawaida ni kudhani sheria ile iligusa magazeti. Iligusa lebo na kifungashio tu. Kwa hiyo baada ya 1907 unaweza kukuta lebo yenye adabu na tangazo la gazetini lenye madai yaleyale ya zamani. Mwaka 1911 Mahakama Kuu ya Marekani ilisema sheria inakataza uongo kuhusu kilichomo, haikatazi uongo kuhusu kuponya. Kesi ilihusu dawa iliyodaiwa kutibu saratani. Bunge likaongeza kifungu mwaka 1912, lakini serikali ilibidi ithibitishe nia ya kudanganya, na hilo lilikuwa gumu. Ukiona kwenye tangazo au lebo maneno ya "imedhaminiwa chini ya sheria ya 30 Juni 1906", ujue mambo mawili: ni ya baada ya sheria, na mdhamini ni mtengenezaji mwenyewe. Serikali haikuipima.

Sasa vilivyomo. Mrs. Winslow's Soothing Syrup, ya watoto wanaoota meno, ilianza Maine mwaka 1849. Ilikuwa na mofini miligramu 65 kwa kila aunsi ya maji. Aunsi ya maji ya Marekani ni mililita 29.6, kwa hiyo mililita moja ina mofini miligramu 2.2, na kijiko cha chai cha mililita 5 kina miligramu 11. Dozi ya kuanzia kwa mtu mzima mwenye maumivu makali, kwa kunywa, ni miligramu 5 hadi 10. Maelekezo yalisema mtoto wa miezi 6 apewe kijiko kizima mara tatu au nne kwa siku. Mtoto alinyamaza kwa sababu mofini hupunguza pumzi pamoja na kilio, na wako ambao hawakuamka. Mwaka 1911 chama cha madaktari cha Marekani kiliiorodhesha miongoni mwa dawa zinazoua watoto. Ukiandika habari zake, tafadhali weka hesabu hiyo waziwazi. Picha ya mama na mtoto kwenye tangazo ni nzuri mno, na bila hesabu msomaji ataondoka na picha tu.

Peruna, ya Columbus, Ohio, ilikuwa na pombe kama asilimia 28. Konyagi ni 35. Hostetter's Bitters ya Pittsburgh, kwa chupa za wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, iliipita konyagi. Kwa miji iliyopiga marufuku pombe, na Kansas iliipiga marufuku jimbo zima kuanzia 1881, chupa hizi ziliuzwa kwa uhuru dukani. Mwaka 1905 ofisi ya serikali ya mambo ya Wahindi Wekundu ilizuia Peruna isiuzwe kwenye maeneo yao.

Lydia E. Pinkham's Vegetable Compound ya Lynn, Massachusetts, iliuzwa kuanzia 1875 kwa kina mama: mizizi na mbegu, uwatu ukiwemo, ndani ya pombe kama asilimia 18. Matangazo yaliwaalika wanawake wamwandikie Bi Pinkham mwenyewe. Alifariki 1883. Mwaka 1905 jarida la Ladies' Home Journal lilichapa picha ya jiwe la kaburi lake, na matangazo ya mwaliko bado yalikuwa yanatoka. Usinukuu barua za shukrani zenye majina ya wanawake wa vijijini. Chukua aina ya ugonjwa wanaoutaja, majina yao yaache.

Mafuta ya nyoka ya Clark Stanley: serikali ilipoyapima ikakuta mafuta ya madini, mafuta ya wanyama kidogo kama asilimia 1, na pilipili. Faini ilikuwa dola 20. Pilipili huwasha ngozi, damu inakuja, maumivu ya misuli yanasahaulika kwa muda. Ndiyo sababu watu waliapa kuwa inafanya kazi.

Lakini usizitupe zote kwenye kapu moja. Mabonde ya Mississippi na Missouri yalikuwa na malaria, waliyoiita homa ya baridi na kutetemeka. Grove's Tasteless Chill Tonic ya Tennessee ilikuwa kwinini ndani ya shira tamu, na kwinini inaua vimelea vya malaria kweli. Ukiona dawa ya homa ya kutetemeka, angalia kama ina kwinini au gome la sinkona kabla hujaiita ya kitapeli.

Jungu_na_Mizani

Mimi ni wa sabuni na vipimo. Vipimo kwanza, kwa sababu hapo ndipo watu wanapojiumiza.

Ratili ni gramu 454. Painti ya Marekani ni mililita 473. Ya Uingereza ni 568. Galoni ya Marekani ni lita 3.79, ya Uingereza 4.55. Gazeti la Marekani, tumia za Marekani. (Debe letu la kupimia mahindi lilianza kama debe la mafuta ya taa: galoni 5 za Marekani, au kama 4 za Kiingereza. Huko nyuma yalisafiri mawili mawili ndani ya sanduku la mbao.) Kwenye dawa kuna vipimo vya mfamasia: dramu ni gramu 3.9, na aunsi ya mfamasia ni gramu 31.1, siyo 28.35 ya dukani. Hatari kubwa ni "gr." Kwenye gazeti la kale hiyo ni greni, miligramu 65, siyo gramu. Ukisoma greni kuwa gramu umezidisha zaidi ya mara 15.

Sasa sabuni yako. Kopo la kostiki katika maelekezo ya aina hii mara nyingi huwa aunsi 13, yaani gramu 368. Ratili 6 za mafuta ni gramu 2,722. Painti 2 na nusu ni lita 1.18. Mafuta ya ng'ombe yanahitaji kama gramu 0.14 za kostiki kwa kila gramu moja ya mafuta, jumla 381. Una 368. Mafuta kama asilimia 3 yanabaki bila kugeuka sabuni, na hayo ndiyo yanayokinga ngozi. Hesabu imekaa sawa, maelekezo yale yaliandikwa na mtu aliyejua kazi.

Yanaharibika hivi. Ukibadili kopo: ukitia ratili nzima, gramu 454, unabaki na gramu 73 za kostiki isiyo na mafuta ya kuungana nayo, na sabuni itachubua mikono. Ukibadili mafuta: mawese yanahitaji kama 0.141, kwa hiyo yanaweza kuchukua nafasi ya mafuta ya ng'ombe bila kugusa kitu. Ya nazi yanahitaji 0.183, jumla 498. Kwa kostiki 368, robo ya mafuta itabaki mafuta, na utapata kitu laini chenye utelezi. Alizeti inahitaji kama 0.135, jumla 367. Inageuka yote, haina akiba ya mafuta, tena sabuni yake ni laini. Usiibandike kwenye maelekezo haya peke yake.

Namna ya kufanya: kostiki iingie kwenye maji baridi, kidogo kidogo, nje penye hewa, ukikoroga. Kamwe maji yasimwagwe juu ya kostiki. Huchemka ghafla na kuruka usoni. Chombo kiwe cha chuma cha pua, enameli isiyobanduka, au plastiki ngumu. Sufuria ya alumini hapana kabisa: kostiki inaila, inatoa gesi ya hidrojeni inayoshika moto, na sufuria inatoboka. Magazeti ya kale hayasemi hili kwa sababu majiko yao yalikuwa na vyungu vya chuma. Miwani na glavu ni lazima. Acha maji ya kostiki yapoe hadi 32–35°C, mafuta yayeyuke na yawe 49–54°C. Mimina kostiki ndani ya mafuta kwa mkondo mwembamba, koroga taratibu upande mmoja hadi iwe nzito kama uji na mchirizi wake ubaki juu. Ukimimina haraka au joto likizidi, inajitenga: mafuta juu, maji chini. Mafuta yakiwa baridi mno yataganda kabla hayajaungana, na utapata vipande vya mafuta na mifuko ya kostiki. Mimina kwenye boksi lililotandikwa karatasi ya nta, funika kwa blanketi siku moja, kata, kisha panga penye hewa wiki 4 hadi 6. Kostiki ikikurukia, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika nyingi. Usianze kuhangaika kutafuta siki.

Maelekezo mengine hayataji kostiki bali fuwele za soda pamoja na chokaa. Hapo angalia sana. Fuwele za wakati ule ni magadi yenye maji ndani yake, karibu asilimia 63 ya uzito. Unga mkavu wa leo una nguvu mara 2.7. Ratili moja ya fuwele zao ni gramu 168 tu za unga mkavu. Na magadi ya mawe, kama yale ya Ziwa Magadi, si kitu kilekile: yana bikaboneti ndani, kwa hiyo usiyabadilishe moja kwa moja.

Bluu ya kufulia ndiyo ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu gazeti linatoa onyo bila kueleza sababu: "suuza sabuni yote kabla ya bluu". Mrs. Stewart's Bluing ya Minneapolis, ya tangu 1883, ni bluu ya Prussia, mchanganyiko wa chuma. Sabuni na magadi vikibaki kwenye shuka, bluu ile inavunjika na chuma kinabaki kama kutu. Pasi ikipita, madoa ya kahawia yanajitokeza. Mwenye shuka analaumu pasi au maji ya kisima, kumbe ni sabuni isiyosuuzwa. Bluu ya vidonge, ya ultramarini, haiogopi sabuni. Inaogopa asidi, na siki ikiigusa huanza kunuka yai bovu. Kwa hiyo jua kwanza tangazo linazungumzia bluu ipi, maana onyo la moja halifai kwa nyingine. Na iwe matone machache ndani ya beseni, ikorogwe kabla nguo haijaingia.

Na "poda ya wadudu ya Uajemi" ni pareto, ua la jamii moja na lile linalolimwa Kenya na nyanda za juu za Tanzania. Ilifanya kazi kweli kwa kunguni na viroboto. Kilichoiangusha ni mwanga: ikikaa kwenye kopo lililo wazi dirishani inakufa nguvu, na wachuuzi walichanganya unga mwingine. Ukikuta malalamiko gazetini kwamba haiui, mara nyingi ni poda iliyochakaa.

Haya msiyarudie hata kwa majaribio, na kwenye makala yako usiweke vipimo vyake: sukari ya risasi kwenye dawa ya macho au rangi ya nywele (ni sumu ya risasi), kloridi ya zebaki na ute wa yai kwa kunguni, karatasi ya nzi iliyolowekwa kwenye sahani (aseniki), Paris green ya kuua mende wa viazi (shaba na aseniki), Rough on Rats ya Jersey City (aseniki), na glavu kusafishwa kwa petroli karibu na jiko. Hiyo ya mwisho ilichoma nyumba nyingi, kwa kuwa mvuke wa petroli ni mzito, hutambaa sakafuni hadi ukutane na moto ulioko chumba kingine.

Kitabu_cha_Maumbile

Chura wa ndani ya jiwe alipimwa mapema sana. Tarehe 26 Novemba 1825, William Buckland wa Oxford aliwafungia vyura 24 kwenye vijishimo vilivyochongwa, 12 katika mawe ya chokaa yenye vinyweleo na 12 katika mawe ya mchanga yaliyoshikamana, vikafunikwa kioo na kuzikwa futi 3 chini ya bustani. Baada ya mwaka mmoja, waliokuwa kwenye mawe ya mchanga wote walikuwa wamekufa. Baadhi ya waliokuwa kwenye chokaa walikuwa hai, lakini hawakumaliza mwaka wa pili. Kinachotokea kwa kawaida ni hiki: chura mdogo anaingia kwenye ufa, anakula wadudu wanaopita, anakua hadi hawezi kutoka. Mchimba mawe akipasua mwamba, ufa unapotea na chura anabaki kana kwamba alizaliwa na jiwe. Kwenye gazeti tafuta kama mwandishi anataja ufa, udongo wa mfinyanzi, au rangi ya jiwe karibu na chura. Asipotaja, alisimuliwa.

Jiwe la kichaa cha mbwa ni kitu halisi, madai yake ndiyo batili. Ni uvimbe mgumu unaojijenga tumboni mwa kulungu, mwepesi na wenye vinyweleo. Lilichemshwa ndani ya maziwa, likawekwa kwenye jeraha, likashika. Lilipoachia likarudishwa kwenye maziwa, nayo yakisemekana kuwa ya kijani ndiyo ushahidi wa sumu. Linashika kwa sababu vinyweleo vinanyonya damu na maji, kama kipande kikavu cha mfinyanzi kinavyoshika ulimi. "Kuponya" kwake ni rahisi kueleza: mbwa wengi waliouma hawakuwa na kichaa, na hata aliyeumwa na mbwa mgonjwa haugui kila mara. Ukitazama tarehe utaona pia kitu muhimu: chanjo ya Pasteur ilitumika kwa mtu kwa mara ya kwanza Julai 1885, na magazeti ya miji midogo yaliendelea kusifia jiwe miaka mingi baadaye, maana chanjo ilikuwa mbali na jiwe lilikuwa kwa jirani. Jiwe jeusi la nyoka linalojulikana Kongo na kwetu linafanya kazi hiyohiyo ya kunyonya unyevu, na sumu haitoki. Wasomaji wako watalifananisha, kwa hiyo andika waziwazi: aliyeumwa na mbwa aoshwe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, apelekwe kwenye chanjo siku hiyohiyo.

Usidhani kila kioja ni uzushi. Machi 1876, katika wilaya ya Bath, Kentucky, vipande vya nyama vilidondoka kwenye uwanja wa shamba mbingu zikiwa safi. Vilichunguzwa kwa hadubini, na baadhi vilikuwa tishu ya mapafu. Maelezo yanayokubalika zaidi ni tai mizoga waliotapika wakiwa angani, jambo wanalolifanya wakishtuka au wakitaka wepesi wa kuruka. Na "nyoka wa kioo" anayevunjika vipande kisha akajiunga ni mjusi asiye na miguu. Mkia wake mrefu unakatika kweli, na mwingine unaota, mfupi zaidi. Hiyo ya kujiunga tena ndiyo nyongeza ya wasimuliaji.

MsomaKale

Asanteni sana, mmenifungua macho. Dada Jungu_na_Mizani, moja la mwisho: nimekuta "kioo cha hali ya hewa", chupa yenye kafuri dramu 2, shura (nitrati ya potasiamu) nusu dramu, salamoniaki (kloridi ya amoniamu) nusu dramu, na aunsi 2 za pombe kali. Linasema fuwele zikipanda ni dhoruba. Ni la kweli? Nikilitengeneza Dar litaonyesha kitu?

Jungu_na_Mizani

Kwa gramu: kafuri 7.8, shura 1.9, salamoniaki 1.9, na pombe mililita 59 yenye nguvu ya asilimia 50 hadi 57. Konyagi haitoshi, kafuri haitayeyuka yote. Yeyusha kafuri kwenye pombe, chumvi mbili kwenye maji kidogo ambayo umeyahesabu ndani ya hizo mililita 59, changanya vikiwa vuguvugu kwa chupa kuwekwa ndani ya maji ya moto, mbali na moto wa wazi.

Fuwele zinafuata joto la hewa. Chupa iliyozibwa haiwezi kuhisi mgandamizo wa hewa, kwa hiyo dhoruba haiijui. Admirali FitzRoy wa Uingereza aliielezea mwaka 1863 na jina lake likaipa heshima kubwa kuliko uwezo wake. Kwa Dar, ambako hata usiku hakupoi sana, huenda kafuri ikabaki imeyeyuka na ukatazama maji matupu. Njombe, Lushoto au Limuru utaona manyoya mazuri ya fuwele alfajiri.

Ila kabla hujatoa fedha pima kafuri yenyewe, kwa sababu nyingi zinazouzwa kwa jina hilo ni vidonge vya nondo vya naftalini. Tupa kipande kidogo kwenye glasi safi ya maji. Kafuri inaelea, na juu ya maji yasiyo na mafuta inazungukazunguka yenyewe. Naftalini inazama.